Mwamuzi wa Deraya

Mara ya kwanza nilipoingia dukani kwake nilikuwa nimempelekea hati za kontena. Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha, na shehena yake ya buti na helmeti ilikuwa imetoka bandarini asubuhi ile. Alizipokea karatasi bila kuzitazama. Akachukua aproni ya ngozi, zile wanazovaa mafundi wa kuchomelea, akanivalisha juu ya gauni langu na kuifunga nyuma.

"Ukipigwa rungu hapa tumboni ukiwa umevaa hii, utasikia nini?"

Nikamwambia nitasikia maumivu.

"Mengi?"

"Kidogo kuliko bila aproni."

"Kidogo kwa kiasi gani?"

Akaniambia nije Jumapili saa nane mchana, nipande ngazi za nyuma ya duka mpaka ghorofa ya nne, na nisisahau penseli. Nilienda kwa udadisi tu. Nikaendelea kwenda kwa zaidi ya miaka mitatu.

Tulimwita Mwamuzi. Wateja walimwita Mama, na mpwa wake Nilesh alimwita Masi, ndivyo wanavyomwita mama mdogo kwao. Jina lake halisi nimeliandika kwenye fomu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini mezani hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia hapa. Alikuwa mjane wa Kihindu, mfupi, mwenye sari za pamba na raba nyeupe miguuni. Duka lake lilikuwa Kariakoo, kwenye mtaa ambao machinga wamepanga bidhaa mpaka katikati ya barabara, na aliuza vitu vya kumkinga mtu kazini: glavu, miwani, mikanda ya kupandia juu, vizibao vya kung'aa. Ukimuuliza anauza nini, alikuwa akijibu, "Nauza kupunguza."

Mchezo wenyewe aliuleta Nilesh. Alikuwa amesoma nje, na aliporudi alikuja na kitabu kinene chenye picha za mazimwi, na dadu za kila aina, moja ikiwa na pande ishirini. Ni mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi, labda askari, labda mganga, labda mwizi. Mtu mmoja, mwamuzi, anasimulia ulimwengu wote uliobaki: mko darajani, zimwi linatoka chini yake, mnafanya nini? Mnasema mnachofanya. Jambo likiwa na shaka, dadu inarushwa. Nilesh alitaka awe mwamuzi yeye, lakini mama mdogo wa watu hakuwa mtu wa kuongozwa. Alikisoma kitabu kile kwa wiki mbili akiwa kaunta, na Jumapili ya kwanza akakaa kwenye kiti cha mwamuzi bila kuuliza mtu.

Wachezaji tulikuwa watatu: Nilesh, mimi na Salumu. Salumu ni mtu wa Kigamboni, kazi yake kufunga mizigo kwenye ndoano za kreni bandarini. Alikuwa mteja wa duka. Naye aliingizwa kwa swali, kama mimi.

Kanuni iliyotufanya tumkumbuke ilitokana na helmeti ya Salumu.

Kitabu kilikuwa na kanuni yake kuhusu deraya, yaani mavazi ya vita ya ngozi na chuma. Kwa kitabu, deraya inamfanya mtu awe mgumu kupigwa. Ikiwa nzito, adui anahitaji namba kubwa zaidi kwenye dadu. Akiikosa, hujaguswa kabisa. Akiipata, unaumia kana kwamba umesimama kifua wazi. Tulicheza hivyo miezi kadhaa na hakuna aliyelalamika, mpaka siku zimwi lilipompiga askari wa Salumu kichwani, dadu ikaonyesha namba ndogo, na Mwamuzi akasoma kitabuni: pigo limekosa, hakuna madhara.

Salumu akacheka. "Mama, hiyo si kweli. Mwezi wa pili ndoano ya kreni ilinipata kichwani. Helmeti ikapasuka vipande viwili. Sikutoka damu hata tone."

"Kwa hiyo hukupigwa," alisema Mwamuzi.

"Nimepigwa! Nimepigwa sana tu. Siku tatu shingo haigeuki. Mke wangu akiniita nageuka mwili mzima kama kabati."

Mwamuzi akakiangalia kitabu. Akamwangalia Salumu. Kisha akakifunga kitabu na kukiweka sakafuni, na hilo kwa familia yao lilikuwa jambo zito, kwani kwao kitabu hakiwekwi chini; Nilesh alikiokota mara moja na kukipangusa. "Hiki kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa helmeti," alisema. "Vazi halifanyi usipigwe. Vazi linabishana na pigo. Leo hatuchezi. Nendeni nyumbani."

Jumapili iliyofuata tulikuta donge kubwa la unga wa chapati juu ya paa la nyumba, limefunikwa aproni ya ngozi. Alikuwa na bomba la chuma, rula ya shule na daftari. Nilesh alipiga, Salumu alishika donge, mimi niliandika kina cha shimo lililobaki kwenye unga. Tulipiga donge likiwa tupu, likiwa na ngozi, likiwa na ngozi mbili, likiwa na bati. Salumu alipata mzuka akawa anapiga kelele, "Piga tena! Mpige kichwani!" na baada ya muda vijana kama kumi kutoka mtaani wakapanda ngazi mbio, wakidhani tumemkamata mwizi. Mwamuzi aliwaeleza kwa utulivu kwamba anapima deraya. Wakatazamana. Mmoja akaomba naye apige, akakubaliwa, na namba yake ipo daftarini mpaka leo chini ya jina "mgeni mwenye nguvu".

Ndipo zikatoka kanuni zake. Dadu iamue tu kama pigo limefika. Likifika, deraya inapunguza madhara: ngozi inapunguza mawili, vazi la pete za chuma zilizosukwa manne, mabamba ya chuma yanapunguza sita. Lakini hata uvae nini, angalau dhara moja linapita. Na kila pigo kubwa linaipunguza deraya yenyewe, mpaka umpelekee fundi. Mbele ya kila mchezaji aliweka kisahani chenye vifungo vya shati, idadi sawa na nguvu ya deraya yake. Ukipigwa sana, alinyoosha mkono akachukua kifungo kimoja. Ulikuwa unasikia tu kile kifungo kikigonga ndani ya kopo lake, na ninakiri kwamba zimwi lolote aliloweza kulisimulia halikunitisha kama mlio ule.

Baadaye akaongeza kanuni ya joto. Alimvalisha Nilesh buti za chuma, aproni, helmeti yenye kioo na mkoba wa misumari, akampandisha ngazi mara tatu, mchana wa Februari. Nilesh alipofika juu mara ya tatu alipewa mpira autupe ndoo. Alikosa ndoo, akakosa na ukuta, akakaa chini. Mwamuzi akaandika: baada ya raundi tatu, mwenye deraya nzito apunguziwe mbili kwenye dadu. "Wenzetu walioandika kitabu wako kwenye baridi," alisema. "Hapa Bongo askari wa mabamba anakufa kwa kiu kabla zimwi halijaamka."

Kwenye biashara alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwepo siku mkandarasi mmoja alipoleta sampuli ya helmeti za bei nafuu, akitaka Mwamuzi ndiye azisambaze kwenye eneo lake la ujenzi. Mwamuzi aliiweka moja sakafuni, akakusanya sari yake kidogo, akaikanyaga. Ilibonyea kama boksi la maziwa. "Mimi nina kilo hamsini na mbili," alimwambia. "Tofali lina haraka kuliko mimi." Yule bwana akaondoka na sampuli yake kwapani.

Na bado, mwanamke huyo huyo akiwa na haraka alikuwa akipanda bodaboda kichwa wazi, amekaa upande kwa sababu ya sari, simu sikioni. Salumu alimkuta hivyo siku moja kwenye taa za Msimbazi, akamwambia, "Mama, helmeti dukani zimejaa!" Akajibu kwamba helmeti inamharibia nywele, na taa zikawaka kijani.

Hakuwahi kula nyama maishani mwake. Lakini hakuna mtu aliyesimulia mbuzi wa kuchoma kama yeye. Wahusika wetu wakifika nyumba ya wageni baada ya safari, alitueleza jinsi mafuta yanavyodondoka kwenye mkaa, jinsi ngozi inavyopasuka, chumvi na ndimu vinavyokutana mbavuni, na sisi hapo mezani tuna bhajia na chai ya maziwa. Salumu alikuwa akifumba macho. Siku moja alimuuliza amejuaje yote yale.

"Nina pua," alisema. "Na naishi Kariakoo."

Hakupenda kuombwa huruma. Ukimwomba punguzo dukani, hupati. Usipoomba, ulikuwa unapewa jozi ya glavu ya ziada bila neno. Mezani ilikuwa vivyo hivyo. Hili nililijua vizuri, na ndiyo maana siwezi kusema kwamba lililonipata lilinishtukiza.

Mhusika wangu aliitwa Sauda, mlinzi wa lango. Nilimchezesha miaka mitatu. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwepesi wa hasira, na alivaa mabamba: vifungo sita kwenye kisahani. Mwaka ule wa tatu mama yangu aliugua. Nilikuwa nikitoka kazini naenda kwake Temeke, namwogesha, namvalisha, namlisha, narudi kwangu. Jumapili saa nane mpaka saa kumi na mbili dada yangu alinipokea zamu, na saa nne hizo nilizitumia kwa Mwamuzi. Sikumwambia mtu pale mezani habari za ugonjwa. Nilitaka pawepo mahali ambapo ugonjwa haupo.

Kwenye hadithi tulikuwa tumefika mji fulani, tukiwa tumetoka vitani. Sauda amebakiwa na vifungo viwili. Tulipewa siku mbili za kupumzika, na Mwamuzi akauliza kila mtu anafanya nini na siku zake. Nilesh na Salumu walikwenda kwa mfua chuma. Mimi nilisema Sauda anatafuta dawa ya bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa anakaa karibu na lango. Yule bibi alikuwa ametajwa mara moja tu, kupamba hadithi. Mwamuzi akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa," akaandika.

Wiki iliyofuata tulikuwa darajani. Zimwi likamrushia Sauda nyundo. Dadu ikasema pigo limefika, na madhara ni kumi na moja. Sauda alikuwa amebakiwa na uhai wa nane, ukiisha anakufa. Kumi na moja, toa mbili za vifungo, tisa.

Nakumbuka feni ilikuwa inazunguka na karatasi zinapepea.

"Mwamuzi," nilisema, "siku zile nilikuwa natafuta dawa ya yule bibi."

"Najua. Bibi amepona."

"Basi nihesabie kama nilipita kwa fundi japo mara moja. Vikiwa vinne tu, Sauda anabaki na uhai wa moja."

"Vifungo viko viwili."

"Naona viko viwili. Nakuomba."

Salumu, ambaye hapendi ugomvi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mwache bwana. Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu," alisema Mwamuzi, "basi afe."

Nilikunja karatasi ya Sauda mara nne, nikaitia kwenye pochi, nikashuka ngazi. Sikuaga.

Mama yangu alifariki kabla ya mwezi kwisha. Mwamuzi alikuja msibani, sijui nani alimwambia. Alivaa sari nyeupe, akavua raba mlangoni, akakaa mkekani na wanawake wa Temeke ambao walimpisha na kumpa kanga ya kujifunika magoti. Alikaa mpaka watu wakaanza kuondoka. Aliponikaribia alisema, "Pole sana, mwanangu," akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kuhusu Jumapili hakusema kitu, nami sikusema. Nilimjibu nimeshapoa, kama tunavyojibu. Ilipita zaidi ya miaka miwili bila kumwona tena. Hati zake za bandarini nilimpa mwenzangu ofisini azipeleke.

Nilikutana na Salumu siku moja getini bandarini, amekaa juu ya tairi la lori anakula muhogo. Tulizungumza mambo ya kazi. Kisha akaniambia, "Unajua baada ya ile siku hatukucheza mwezi mzima?"

"Kwa nini?"

"Yeye hakutaka. Ukienda unamkuta na daftari. Ule ukurasa wa deraya ameandika, amefuta, ameandika, mpaka karatasi imetoboka. Nilesh akamuuliza, Masi, unatafuta nini humo? Akasema anatafuta njia ya Sauda kubaki hai."

"Si angesema tu amebaki hai? Yeye ndiye mwamuzi."

"Ndivyo tulivyomwambia. Akasema hiyo itakuwa kudanganya, na wewe ungejua." Salumu akanipa kipande cha muhogo. "Alitaka njia ambayo ipo kweli."

"Akaipata?"

"Hakuipata."

Nililifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Sikumsamehe siku ile, wala sina hakika kwamba kulikuwa na kosa la kusamehe. Nilichokiona ni kwamba mtu mzima alikuwa amekaa mwezi mzima na karatasi, akitafuta namna ya halali ya kunirudishia kitu nilichopoteza, na aliposhindwa hakuja kujisifu kwamba alijaribu.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, Nilesh alinipigia simu. Masi alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vimelegea, lakini kichwa kiko sawa na ulimi uko palepale. Duka sasa anaendesha Nilesh. "Hajakuulizia," alisema, na kwa kuwa namjua Mwamuzi, ambaye haombi anachokitaka, nilielewa kwa nini Nilesh ameona hilo linafaa kutajwa.

Nilienda Jumapili, mapema kidogo, saa saba na nusu. Ngazi ni zile zile, ila wameweka bomba la kushikia upande wa ukuta. Nilimkuta peke yake, amekaa kando ya kitanda, sari imevaliwa nusu. Nywele zilikuwa zimekatwa fupi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Kanuni yetu ina makosa."

Nilikaa. Hakuniuliza habari za kazi wala za nyumbani. Alinionyesha kwa kidevu kitu kilichokuwa sakafuni: kishikizo cha mguu, cha plastiki ngumu, chenye mikanda mitatu, cha kumsaidia asiburute unyayo. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa kitambaa wa kuning'inizia mkono.

"Hivi navivaa kila siku," alisema. "Jirani wa mlango wa pili anakuja kunivalisha. Leo ameenda harusini, Nilesh bado yuko njiani. Kwa hiyo nimekaa hapa tangu saa nne, nafikiri. Miaka yote tumecheza, askari wetu wanafanyaje asubuhi? Wanaamka, wanavaa mabamba, wanatoka. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nani amewafunga?"

Nikasema sijui. Hatukuwahi kuuliza.

"Mabamba yana mikanda mgongoni, yana mikanda begani. Mtu hafiki mgongoni kwake. Tumepima pigo, tumepima joto, tumepima ngazi. Hatukupima kuvaa." Alikuwa amekasirika kweli, kama vile mtu amemuuzia bidhaa mbovu. "Deraya nzito haivaliwi na mtu mmoja. Iandikwe hivyo. Asiye na mtu wa kumfunga avae ngozi, au asivae kitu."

Nilimuuliza kama nimfunge.

"Unadhani nangoja nini?"

Nilipiga magoti. Mikono yangu ilikuwa na uzoefu. Nilikuwa nimemvalisha mama yangu kwa miezi minane. Niliuweka mguu wake kwenye kishikizo, kisigino kikakaa vibaya, akaniambia, nikakirekebisha. Nikaanza na mkanda wa chini. Akasema wa juu kwanza. Nikafungua, nikaanza na wa juu. "Kaza. Mimi si yai." Nikakaza. Nikamvalisha raba, ile ya kushoto imekatwa pembeni ili ipitishe plastiki. Nikasimama, nikampitishia mfuko shingoni, nikauinua mkono wake kwa uangalifu, mwepesi kuliko nilivyodhani, nikauweka ndani. Mwisho nikamalizia sari, nikaishikiza begani kwa pini. Wakati wote huo hatukuongea zaidi ya "hapa" na "vuta" na "basi".

Nilirudi nyuma hatua moja kumtazama. Alijaribu kusimama, akaweza, akajishikilia kwenye kiti. Chini ngazini tulisikia sauti ya Salumu akimsalimia mtu.

"Haya," alisema Mwamuzi. "Umetumia dakika ngapi?"

"Sikutazama saa, Mama."

Kisha akakaa tena kitandani, polepole, akauvuta mguu wa kushoto mbele kwa mkono wake mzima na kunipa.

"Fungua," alisema. "Tuanze upya."

Nikavua saa yangu, nikaiweka juu ya shuka mahali ambapo sote wawili tunaiona, nikafungua mkanda wa juu.